Ball ya IVF imefika wiki ya 39, daktari anataka kuanzisha leba. Utasema aje?

Umemwaga malaki kwa kliniki Upper Hill ama Westlands, hatimaye mtoi ako karibu. Daktari anasema uanzishiwe uchungu. Manze, nani atabisha? Hata shosh anaogopea hiyo ball.

Lakini uliza: ni juu ya IVF tu, ama kuna shida nimeonyesha? WHO inapendekeza kuanzisha ukifika wiki 41 kwa uhakika. Na uhakika ndio uko nayo kuliko wamama wengi, siku ya kuwekewa kiinitete inajulikana.

Si ati kuanzishiwa ni mbaya. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulicheki wamama 6,000 na kitu wa ball ya kwanza, wasio na shida. Walioanzishiwa wiki ya 39, 18.6% walipasuliwa. Waliongoja, 22.2%.

Presha ikipanda ama mtoi akipunguza kucheza, wachana na mjadala, enda hosi. IVF huongeza hatari ya presha.

Kingine, hii kitu inaweza kuchukua zaidi ya siku. Nani atakuwa anasikiza moyo wa mtoi saa nane usiku? Na dripu ikikataa uende theatre, SHA inalipa 30,000, ya kawaida 10,000. Hosi ya private huitisha zaidi, so uliza bill kabla wakudunge.