Utaalamu wa Chungu na Mchanga

Kuna mwandishi mwenye hoja hii: wagonjwa wa kisukari wasiitwe kwenye vikao vya kupanga kliniki za mtaani, kwani hawana utaalamu, watapoteza muda, na kazi yao ni kufuata maelekezo.

Muda? Mgonjwa humwona daktari dakika chache kwa mwezi, tena akibahatika. Siku zilizobaki anajihudumia mwenyewe.

Tuje kwenye utaalamu, maana hapo ndipo mwandishi alipoteleza vibaya. Maelekezo yanasema insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Haya, mwambie mama wa Tandale asiye na friji. Yeye huifunga chupa kwenye mfuko wa plastiki, akaitia katika chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini. Nyuzi 8 haifiki, lakini haiungui na joto la Februari. Kikao cha wataalamu watupu kingemchapishia bango lenye picha ya friji.

Kisha mama huyo anaambiwa afike kliniki saa 12 asubuhi bila kula, apimwe saa 5. Sukari ikishuka akaanguka kwenye benchi, faili linaandikwa: “Hafuati masharti.” Aliyepanga ratiba hiyo ana shahada mbili.