Bi harusi wa Geita, usifuturu kwa adhana ya Unguja

Dada zetu wanaoolewa Shinyanga na Geita huondoka na kanga, udi na ratiba ya swala ya Unguja kwenye simu. Hiyo ratiba tunashauri waiache.

Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua halizami pamoja. Geita iko magharibi ya Unguja kwa takriban digrii 7, na kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo Magharibi huko huingia karibu nusu saa baada ya kwetu. Ukifuturu mama anapokupigia kusema "tumeshafungua", umekula mchana.

Badilisha mji kwenye programu ya swala, au usubiri adhana ya msikiti wa mtaani kwako. Allah azikubali funga zenu.