Walimlilia hadharani, sisi tulinong'ona

Msomaji mpenzi, nina binti aliye mwaka wa pili katika chuo kikuu. Akija nyumbani wikendi hutuletea nguo chafu, njaa na muziki. Jumapili moja jioni, mwezi wa Novemba, alikuwa akipiga pasi sebuleni, simu yake ikiimba juu ya meza. Mimi nilikuwa nikinywa chai na kusoma gazeti. Ghafla ukaanza wimbo ambao sikuwa nimeusikia nyumbani kwangu kwa miaka mingi, nami nikaweka kikombe chini.

"Baba, kwani unaujua huu?" akaniuliza.

"Naujua kabla hujazaliwa," nikamjibu.

"Basi leo ndiyo tarehe aliyofariki mwimbaji. Na je, wajua kwamba alizaliwa Zanzibar?"

"Najua. Baba yako mkubwa ndiye aliyeniambia."

Akaizima pasi. Baba yake mkubwa anamjua kwa picha moja tu iliyotundikwa ukutani kwa nyanya yake, kijana mwembamba mwenye shati la kola kubwa, amekumbatia redio kaseti kama mtoto mchanga. "Baba," akasema polepole, "baba mkubwa alikufa kwa nini hasa?"

"Alikufa kwa kifua," nikasema. Hilo ndilo jibu ambalo ukoo wetu umelitoa tangu mwaka wa 1994. Binti yangu alinitazama kidogo, kisha akaiwasha pasi tena. Niligundua kwamba hakuniamini, na kwamba alikuwa na adabu ya kutosha kutoniambia.

Nikueleze kwanza habari za huyo mwimbaji, kwa maana huenda wewe kijana unazijua nyimbo zake na humjui mwenyewe. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mnamo Septemba 5, 1946. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni kisiwani humo. Mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akajifunza piano na kuanzisha bendi ya wanafunzi. Alirudi Zanzibar akiwa barobaro. Yalipotokea mapinduzi ya Januari 1964, familia ilitoroka na kwenda kuanza upya Feltham, karibu na London.

Huko alisomea sanaa ya uchoraji wa matangazo, na mwaka wa 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor kuunda bendi ya Queen. John Deacon aliingia mwaka uliofuata. Mwaka wa 1975 walitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita, wakati ambapo redio hazikupenda wimbo kupita dakika tatu au nne. Ulikaa nambari ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Julai 13, 1985, katika tamasha la kuchangia wahasiriwa wa njaa ya Ethiopia, alisimama mbele ya watu wapatao 72,000 uwanjani Wembley. Kwa muda wa dakika ishirini hivi aliwachezesha wote kama mwalimu wa kwaya anavyochezesha watoto wa darasa la tatu.

Sasa turudi mtaani kwetu Eastlands. Kaka yangu alikuwa mtu wa ajabu katika mambo ya muziki. Wenzake walikesha na Lingala na benga, na marehemu baba yetu alikuwa na santuri zake za Fadhili William na Daudi Kabaka ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Yeye alipenda roki. Alirekodi nyimbo kutoka kwa redio, kidole kikiwa tayari juu ya kibonyezo, akimwomba mtangazaji kimoyomoyo asiongee kabla wimbo haujaisha. Betri zikiisha nguvu aliziweka juani. Utepe ukikwama, aliuzungusha kwa biro. Baba alikuwa akisema, "Zima hizo kelele za Wazungu!" naye hupunguza sauti kidogo tu, kiasi cha kuonyesha heshima.

Habari za kifo zilitufikia Jumatatu, Novemba 25, 1991. Mwimbaji alikuwa amefariki jioni ya siku iliyotangulia nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Jumamosi, siku moja tu kabla ya kufa, alikuwa ametoa taarifa kukiri kwamba alikuwa na UKIMWI. Kwa miaka kadhaa magazeti ya Uingereza yalikuwa yakimwinda kwa kamera, yakihesabu mifupa ya mashavu yake, naye akinyamaza. Alikuwa akiendelea kurekodi nyimbo hata alipokuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu.

Kaka alirudi kutoka kazini na gazeti. Alikata ile habari kwa makasi ya Mama, akaikunja, akaitia katika kasha la kaseti. Kisha akaniambia, "Kumbe ni mtu wa Pwani yetu. Amezaliwa Zanzibar." Aliona fahari kana kwamba amepata jamaa. Tukakaa kimya. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka: "Ingekuwa ni wewe, ungesema?"

Msomaji, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye majibu ya kila kitu. Nilicheka. Nikamwambia, "Aibu yote hiyo? Afadhali mtu afe kimya, asiwachafulie watu wake jina."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya kitu dukani akaona hana pesa hizo. Hakuniuliza tena.

Sijui kama siku ile alikuwa tayari amejua hali yake. Ninajua kwamba mwaka wa 1993 alianza kukohoa na kukonda, na kwamba alifanya kama nilivyomshauri. Alikufa kimya. Tulimhangaisha kutoka kliniki hadi kwa waganga. Shangazi mmoja alisema amerogwa kazini. Katika hospitali moja, daktari alimwita Mama pembeni, na Mama alipotoka huko alisema ni kifua kikuu. Hatukumwuliza neno. Vikombe vyake vilitengwa bila mtu kutoa amri. Alipofariki tulimzika nyumbani mashambani, na katika wasifu uliosomwa kaburini tukasema "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Kaseti zake hazikutajwa. Muziki wake haukupigwa.

Wakati huohuo, tazama walivyofanya mashabiki wa yule mwingine. Usiku uleule wa kifo watu walianza kufika mlangoni kwake kwa maua. Ukuta wa nyumba ile uligeuka barua. Kwa miaka na miaka watu kutoka kila pembe ya dunia waliandika juu yake maneno ya kwaheri na ya asante, mpaka maandishi yalipokuja kuondolewa. "Bohemian Rhapsody" ilitolewa tena Desemba 1991, ikarudi nambari ya kwanza, na zaidi ya pauni milioni moja zilizopatikana zikapewa shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Aprili 20, 1992, wenzake watatu waliosalia waliujaza uwanja wa Wembley tena kwa tamasha la kumkumbuka, na kutokana nalo ukaundwa wakfu wa Mercury Phoenix Trust, ambao umefadhili miradi ya kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Huko Montreux, Uswisi, sanamu yake ya karibu mita tatu inatazama ziwa tangu Novemba 1996, mkono umeinuliwa juu. Maua hayakosekani miguuni pake.

Hata kaburi hawana. Mwili wake ulichomwa baada ya ibada ya dini ya wazazi wake, na majivu yakahifadhiwa mahali pa siri. Hata hivyo mashabiki hawakuona hiyo kuwa sababu ya kusahau. Sisi tuna kaburi, tena lenye saruji na msalaba, na aliyelala humo tumemsahaulisha kwa watoto wake wa ukoo.

Usidhani ninasema Wazungu wanajua kupenda kuliko sisi. La hasha. Magazeti yao yalimtesa yule mgonjwa. Wala usidhani sisi hatukuwa na mashujaa wetu. Mwaka wa 1989, mwanamuziki wa Uganda Philly Bongoley Lutaaya alirudi nyumbani kutoka Uswidi akatangaza waziwazi kwamba anaugua UKIMWI. Wengine walimkejeli kwamba anatafuta jina. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana mpaka nguvu zilipomwishia, akafariki Desemba mwaka huohuo. Hapa Kenya, ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Rais Moi kutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Kufikia hapo, ni nyumba ngapi zilikuwa zimeshazika watu wa "kifua" na wa "homa"?

Hata Zanzibar yenyewe imekuwa na moyo wa pande mbili. Mwaka wa 2006 sherehe iliyopangwa ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilizuiwa na pingamizi za kikundi cha kidini, kilichosema maisha yake yanakwenda kinyume na maadili ya kisiwa. Novemba 24, 2019, makumbusho yenye jina lake ikafunguliwa Mji Mkongwe. Watu wanaweza kutofautiana juu ya namna mtu alivyoishi. Lakini mtoto aliyezaliwa kwako ni wako, na akifa, kilio ni chako.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nimeusikia msemo huo katika matanga mengi, na kila mara unasemwa kana kwamba kosa ni la mgonjwa. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza: ni nani aliyemfanya afiche? Maradhi hayafichwi kwa sababu mgonjwa anapenda giza. Yanafichwa kwa sababu aliyapima maneno ya watu wake, akaona hana pa kuyaweka. Kaka yangu aliyapima maneno yangu kwa swali moja, jioni moja.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu nikaenda kwa Mama. Ana miaka themanini na ushei. Nikamwambia, "Mama, mjukuu wako ameniuliza habari za kaka. Nataka nimwambie ukweli, lakini siwezi bila idhini yako."

Alikaa sana bila kusema. Nikafikiri nimemkosea. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kitambulisho, picha mbili, na kaseti katika kasha lake. Kipande cha gazeti kilikuwa bado kimekunjwa humo, kimekuwa rangi ya chai.

"Daktari aliniambia siku ileile," akasema. "Nilinyamaza ili msimwogope. Nanyi mkanyamaza. Kila mtu alidhani anamlinda mwenzake, mwanangu, na yeye akabaki peke yake katikati yetu. Mwambie mtoto."

Nimemwambia. Tulikaa sebuleni mimi na yeye, mama yake akiwa jikoni mlango wazi, nami nikaeleza yote, pamoja na lile jibu langu la mwaka wa 1991. Hakunilaumu. Alilia kidogo kwa ajili ya mtu asiyemwona kamwe. Kisha akauliza, "Angekuwa hai leo angepata dawa?"

Angepata. Tangu mwaka wa 1996 ilipothibitika kwamba dawa zikichanganywa huvidhibiti virusi, mambo yamebadilika kabisa. Leo mwenye virusi anayemeza dawa zake ipasavyo anaweza kuishi hadi uzeeni, akafanya kazi na kulea. Virusi vikipungua hata visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Lakini dawa hizo humfaa yule aliyepimwa, na kupimwa huanza na nyumba ambamo mtu anaweza kusema matokeo bila kutengewa kikombe. Hakuna kiwanda kinachotengeneza nyumba ya namna hiyo. Hutengenezwa mezani, kwa jinsi mnavyozungumza juu ya mgonjwa wa jirani watoto wakisikiliza.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto wako akija na swali la "ingekuwa ni wewe", usiharakishe kucheka. Huenda si swali la redioni. Nawe kijana, kama una jambo na unaogopa kulisema nyumbani, jaribu mmoja. Akicheka kama nilivyocheka mimi, jaribu mwingine. Si wote tulio wajinga kwa wakati mmoja.

Ile kaseti tumeipeleka kwa fundi wa redio, akatutafutia mashine ya kuichezea. Utepe umechakaa na sauti inayumba. Mwanzoni mwa wimbo wa tatu mtangazaji anaingilia, na nyuma yake, kwa mbali, husikika sauti ya kijana akisema kwa hasira, "Aa, nyamaza basi!" Binti yangu hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake mkubwa. Ameirudisha nyuma mara nne.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.