Injini Ndogo Haikupewa Insafu

Mwandishi aliyehukumu kwamba injini ndogo ya petroli yenye turbo ni ghururi tupu, na kwamba mwenye akili hana budi kushika lita 1.6 isiyo na turbo, amepima kwa mizani isiyo na insafu; kwani ametazama nguvu za farasi peke yake, ambazo hutimia injini ikivuma kwa mizunguko ambayo dereva wa mjini aghalabu haifikii tangu asubuhi hata jioni. EcoBoost ya Ford ya lita 1.0, yenye silinda tatu, iliyotiwa katika Focus mwaka 2012, ile ya nguvu za farasi 125, hutoa msokoto wa nyutonimita 170 tangu mizunguko 1,400 kwa dakika, ilhali Corolla ya lita 1.6 ya zama hizo ilitoa 160, tena kwenye 4,400. Mlimani, gari likiwa limejaa abiria, ya kwanza hupanda kwa gia ile ile. Ya pili hulazimika kushusha.

Naam, mkanda wa taimingi wa Ford hiyo, uzungukao ndani ya oili, umeleta madhara makubwa: hulika, vipande vyake vikaziba chujio la pampu, injini ikakosa oili. Lakini taksiri hiyo ni ya mkanda, si ya turbo. TSI ya Volkswagen ya lita 1.4, ya jamii ya EA211, ina turbo na mkanda wake ni mkavu. Kuzihukumu zote kwa aibu ya moja ni dhuluma, na wanunuzi wamenyimwa onyo walilolihitaji hasa, yaani kubadilisha oili kwa wakati na kutia ya daraja lililoandikwa kitabuni.