Springi Nne Juu ya Zulia

Jumamosi moja nimetoka zangu saluni, nafungua mlango, nakuta springi nne za gari zimelazwa sebuleni juu ya gazeti kama samaki wa Feri. Mume wangu kakaa chini, rula mkononi, anatabasamu kama mtoto siku ya Idi.

"Bei gani hizo?"

"Laki na nusu tu, mama."

Msomaji wangu, nikaamini. Wiki ya pili natafuta ujumbe wa luku kwenye simu yake (kwa ruhusa yake, msinianze!), nakuta laki nne na nusu imekwenda kwa yule yule jamaa aliyemuuzia springi.

Nikanuna siku tatu. Siku ya nne nikaamua kufuatana naye gereji, nikaone hela yetu imefungwa wapi.

Kwa wewe ambaye mwenzako hana ugonjwa huu, ngoja nikueleze kidogo. Hawa wetu siyo madereva wa Safari Rally, ile iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Ni mhasibu, ni mfamasia, ni fundi umeme, wenye Subaru iliyozeeka na helmeti, wanaokwenda kutimua vumbi Jumapili huku sisi tunabeba hotpoti la pilau. Wadhamini hawana, kwa hiyo spea zinazunguka mkono kwa mkono. Springi ndizo zinazozunguka kuliko vyote. Mtu anafunga ngumu kwa sifa, anafika kwenye changarawe gari linarukaruka, tairi haishiki chini, anaziuza. Anayenunua gari lake zito zaidi, kwake zinakubali. Seti moja inaweza kupita kwa wanaume wanne, na kila mmoja anaijua robo tu ya historia yake.

Gereji nilipokewa kwa "karibu shem" nyingi na stuli iliyopanguswa. Fundi, mtu mzima mwenye subira, ndiye aliyenifungua macho. Nilidhani springi ya zamani inachoka kama godoro, inakuwa laini. Kumbe sivyo. Akaniambia chuma ugumu wake unabaki karibu ule ule, kinachopungua ni urefu. Ndiyo maana kununua iliyotumika siyo ujinga, mradi uipime. Unazisimamisha mbili za ekseli moja kwenye sakafu iliyonyooka, unazitazama kama mapacha. Moja ikiwa fupi, gari litalala upande.

Ugumu wenyewe unasemwa kwa kilo: springi ya kilo 3 ukiiwekea kilo 30 inashuka sentimita 1. Hapo ndipo watu wanapoibiwa bila kuibiwa. Muuzaji anakwambia "hizi ni 400", na wewe unaitikia kwa kichwa ili usionekane mshamba. Muulize 400 za nini! Wamarekani wanahesabu ratili kwa inchi, na 400 zao ni kama kilo 7 kwa milimita. Wengine wanaandika nyutoni, na 80 za nyutoni ni kama kilo 8. Kama hakuna maandishi, unapima unene wa waya, na hapo usikisie kwa jicho. Waya wa milimita 13 badala ya 12, upana na mizunguko ikiwa sawa, ugumu unapanda karibu asilimia 38. Hesabu nilizikimbia shule, lakini hiyo imeniingia. Halafu unapangusa tope, unakwangua rangi iliyobambuka, unatafuta vishimo vya kutu, maana ufa huanzia hapo.

Fundi alikuwa anapangusa zile za nyuma aliponyamaza. Akageuza ncha ya moja kwenye mwanga, akaita mume wangu kwa kidole. Alama za grenda, na rangi nyeusi imepuliziwa juu yake. Zimekatwa. Zilikuwa na mizunguko sita inayofanya kazi, imebaki mitano, maana yake zimekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20 na fupi juu yake. Ubaya wa ufupi unaonekana gari likiruka: magurudumu yananing'inia, springi inaachia kikalio chake, na likitua hujui itakuwa imekaa wapi. Dereva yumo ndani, na msoma ramani pembeni yake.

Njia nzima mume wangu kimya. Tunakaribia nyumbani ndiyo akasema, "Nitaziuza hizi za nyuma. Kuna kijana anaanza mashindano, anatafuta."

"Utamwambia zimekatwa?"

"Kwani mimi nani aliniambia?"

"Na mimi ile laki tatu ya juu nani aliniambia?"

Sikupanga kulisema, lilitoka. Akasimamisha gari pembeni, akazima. Tulikaa hapo muda mrefu, bodaboda zinatupita. Akaniambia aliogopa nitamwona mtoto, mtu mwenye ada ya kulipa anayenunua vyuma. Nikamwambia kweli ningemwona mtoto kwa siku moja, lakini kufichwa kumenikalia wiki mbili, na sasa kila bei anayonitajia naipima kwa rula. Hakujitetea. Akatoa simu, akampigia yule kijana, akaweka spika. "Mdogo wangu, zile springi zimekatwa. Sikuuzii."

Kijana akashukuru, na Jumamosi iliyofuata akaja kwetu na mchumba wake na springi mbili nyingine alizopata kwingine, apimiwe. Wanaume wanabishana kuhusu kutu, huyo binti kaishika rula mwenyewe, kaipima ya kwanza, kaipima ya pili, kisha akamgeukia mchumba wake na kumuuliza, "Umesema shilingi ngapi?" Nilimpenda palepale.

Muuzaji wetu hajarudisha hata senti, anasema na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Zile mbili zilizokatwa, moja iko stoo, nyingine nimeisimamishia chungu cha mshubiri barazani. Springi za nyuma mume wangu bado anatafuta. Ana laki na themanini kwenye bahasha. Najua, maana tunaihesabu wote.