Kilo zinazotolewa kwa fujo hurudi na riba

Wewe unayesoma hii baada ya kutazama video nyingine ya "punguza kilo 10 kwa siku 14", ngoja kwanza. Jibu swali moja tu: hizo kilo 10 umeshazipunguza mara ngapi?

Ratiba tunaijua sote. Januari unalipia jimu miezi mitatu, ugali unapigwa marufuku, unaishi kwa matango na maji ya ndimu. Machi suruali imeingia, picha ziko Instagram, mabeshte wanakusifu. Juni umechoka, umerudia chapo madondo, jimu huoni hata mlango. Desemba uko ushago, shangazi anakukagua mbele ya watu wote: "Ai, umenona!" Januari unaanza upya, safari hii ukiwa na kilo mbili zaidi ya mwaka jana. Na kila raundi unajiambia huna nidhamu.

Hiyo nakataa. Mtu anayekaa wiki tatu bila ugali, na jirani anakaanga vitunguu kila jioni, ana nidhamu tele. Kilichoharibika ni mpango wenyewe.

Mwili wako haujui kwamba Aprili kuna harusi. Ukiunyima chakula ghafla, unadhani njaa imeingia nchini. Leptini, homoni inayoambia ubongo kuna akiba ya kutosha, inashuka. Ghrelini, ile inayoleta njaa, inapanda. Unapoteza misuli pamoja na mafuta, na mwili unaanza kubana matumizi hata ukiwa umelala. Ni kama mkopo wa simu: pesa inaingia haraka, halafu malipo yanakuja na riba.

Ushahidi upo. Marekani kulikuwa na shindano la runinga, The Biggest Loser, ambapo watu walipunguza makumi ya kilo kwa miezi michache. Watafiti waliwafuatilia washiriki 14, na mwaka 2016 wakatoa matokeo: baada ya miaka sita, 13 kati yao walikuwa wamerudisha uzani. Miili yao ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wenye miili kama yao. Hata Oprah Winfrey, ambaye hakukosa pesa, mwaka 1988 aliingia jukwaani akivuta kigari chenye mafuta ya takriban kilo 30 kuonyesha alichopunguza kwa kunywa vyakula vya maji maji tu. Kilo zilirudi.

Na zile chai za kuondoa kitambi? Nyingi zina dawa ya kuharisha kama sena. Mizani inashuka kwa sababu umemaliza maji mwilini. Mafuta yako palepale, kilichotoka ni doo yako.

Sasa tufanyeje? Mimi naona kanuni moja inatosha: usianze kitu ambacho hutaweza kukifanya ukiwa ushago Desemba.

Kuacha ugali kabisa hutaweza. Kupunguza ugali na kuongeza sukuma, ndengu, mayai au omena utaweza, na hivyo vya mwisho vitatu vinakushibisha muda mrefu. Kukimbia kilomita 10 kila alfajiri hutaweza. Kushuka matatu steji mbili kabla ya kwako utaweza, na ukitembea nusu saa siku tano kwa wiki umefikisha zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Soda ya kila siku igeuze iwe ya Jumapili. Lala mapema, kwa sababu usingizi ukipungua njaa inapanda.

Kilo zitashuka polepole, na hutapata picha ya kutikisa mtandao. Sawa tu. Ukishapunguza tatu au nne, tulia hapo miezi kadhaa uzoee kuishi na mwili huo kabla ya kuendelea. Hatua hii ndiyo wengi tunairuka, tukidhani kazi inaisha mizani ikishuka.

Pia jipime mara moja kwa wiki. Huko Marekani kuna sajili iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia kurudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima kila wiki na hufanya mazoezi takriban saa moja kwa siku. Faida ya kujipima ni kwamba kilo mbili zikirudi Juni, unazishughulikia Juni. Ukingoja Januari zitakuwa nane.

Lakini ukijikuta unajitapisha, au unashinda njaa kisha unakula kwa siri hadi unaumwa, achana na mizani. Tafuta daktari au mshauri. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Nanyi mashangazi, wajomba na marafiki: "umenona" si salamu. Kwa mtu aliyeanza kusimama, neno hilo linamrudisha kwa matango.

Kwa hivyo ukipanga safari hii, usiulize utapunguza kilo ngapi. Uliza ni lipi utaweza kuendelea nalo Jumanne ya kawaida, mvua inanyesha, mfuko umekauka na hakuna anayekupiga picha. Anza na hilo.