Usifyeke Yote
Masika yakishakatika, wengi wetu Dar es Salaam hushika panga na fyekeo mpaka uani kubaki peupe. Haraka ya nini? Kando ya ukuta kishona nguo kimechanua, kitovu cha njano na petali nyeupe, na kipepeo anakunjua mrija wake kufyonza nekta. Mnazini mnana dume anasuka kiota kwa nyuzi alizochana kwenye makuti. Majike wakikikataa, atakibomoa aanze upya. Kweli, mbegu za kishona nguo zitatuganda kwenye suruali. Lakini nyuki wanaoyazuru magugu hayo ndio wanaochavusha maboga yetu, na mnana huwalisha makinda wake wadudu. Fyeka njia ya kupita, kona moja iache.